Mlango wa Treni Usiofunguka

Maandishi ya mazungumzo kwa wakazi wa kata kuhusu filamu ya makala inayoonesha kazi za kila siku za mwakilishi wa kuchaguliwa



Kaskazini mwa Berlin, katikati ya misitu ya misonobari, kuna kituo kidogo cha reli kiitwacho Vogelsang. Katika filamu inayozungumzwa leo, kituo hicho kina kisa cha ajabu. Reli ya huko ni ya njia moja, hivyo treni ya abiria ikifika Vogelsang husimama na kuisubiri treni inayotoka upande wa pili ipite. Inasimama kabisa, pembeni mwa jukwaa, na kijiji kiko karibu. Lakini milango haifunguki. Kwa mujibu wa ratiba, hapo si mahali pa kupanda wala kushuka. Dakika zinapita, treni ya pili inapita, ya kwanza inang'oa. Mtu wa Vogelsang aliyemo ndani anaona nyumba za kwao dirishani, kisha anapelekwa mbele.

Kisa hiki kingeweza kuwa kichekesho cha baraza la kahawa. Kimekuwa jambo zito kwa sababu wakazi walikipeleka kwa mwakilishi wao waliyemchagua, naye akalichukua suala la mlango wa treni kama kazi yake. Filamu inamfuata yeye na kazi hiyo, pamoja na nyingine nyingi za aina hiyo, kwa muda wa takriban mwaka mmoja.

Inaitwa "Herr Wichmann aus der dritten Reihe", yaani Bwana Wichmann wa safu ya tatu. Mwongozaji wake ni Andreas Dresen, mzaliwa wa iliyokuwa Ujerumani Mashariki. Ilioneshwa katika Tamasha la Filamu la Berlin mwezi Februari 2012 na kuingia katika majumba ya sinema mwaka huo huo. Lugha yake ni Kijerumani, na walio wengi katika kata hii huenda wasipate nafasi ya kuiona. Kwa sababu hiyo mazungumzo haya yataisimulia zaidi ya kuisifu, na yatafika mahali ambapo kila mkazi anapajua: nje ya dirisha la ofisi ya umma, mtu amesimama na karatasi yake mkononi, akiambiwa kwamba jambo lake linashughulikiwa na ofisi nyingine.

Kwanza, maelezo machache ya mfumo. Ujerumani ni shirikisho la majimbo 16. Neno jimbo hapa lisichanganywe na jimbo la uchaguzi la mbunge. Huko jimbo ni kama nchi ndani ya nchi, lenye serikali yake, mawaziri wake na Bunge lake. Jimbo la Brandenburg linauzunguka mji wa Berlin pande zote, na Bunge lake hukutana Potsdam. Uchaguzi wa Septemba 2009 ulitoa wabunge 88. Chama cha CDU, ambacho ni chama cha Henryk Wichmann, kilipata viti 19 tu, na Serikali ya jimbo ikaundwa na vyama viwili vya mrengo wa kushoto. Wichmann aliingia Bungeni mwaka huo akiwa upande wa upinzani, na nafasi yake ikawa safu ya tatu. Aliyekaa safu ya tatu hana wizara wala gari la serikali, na waandishi wa habari hawamsubiri mlangoni.

Jina lake halikuwa geni kwa Dresen. Mwaka 2002, Wichmann akiwa kijana wa miaka 25, mwanafunzi wa sheria, aligombea ubunge wa Shirikisho katika eneo la Uckermark. Dresen alimfuata na kamera katika kampeni ile: kijana anasimamisha mwavuli wa chama sokoni, upepo unaubeba, wapita njia wanakwepa vipeperushi vyake. Alishindwa na Markus Meckel, mchungaji ambaye mwaka 1990 aliwahi kuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Ujerumani Mashariki. Filamu ya kampeni hiyo ilitoka mwaka 2003 na watu wengi walimcheka mgombea. Ni rahisi kumcheka mtu anayepigana na mwavuli. Kinachostahili heshima ni kwamba Dresen, ambaye si mfuasi wa chama hicho, alirudi baada ya miaka kadhaa kuuliza swali ambalo kampeni haiwezi kulijibu: mtu huyu akishachaguliwa, anafanya nini Jumatatu asubuhi?

Jibu la filamu ni kwamba anafuatilia. Hakuna neno jingine linalofaa zaidi.

Anapokea watu ofisini kwake katika eneo la uchaguzi, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na lake. Anapanda gari, kwa maana eneo ni kubwa; wilaya ya Uckermark peke yake ina zaidi ya kilomita za mraba 3,000, eneo linalozidi jimbo zima la Saarland, na watu wake ni wachache, wametawanyika vijijini. Anapiga simu. Anaandika barua. Anakwenda Potsdam na kukaa kwenye kiti chake cha safu ya tatu, anasikiliza wenzake wakirushiana maneno, anasimama na kuuliza swali lililoandikwa, waziri anajibu, anakaa. Kisha anarudi vijijini kuwaambia watu alichojibiwa, na mara nyingi alichojibiwa ni kidogo. Filamu haina msimulizi anayemweleza mtazamaji amwonee huruma au amdharau. Inamwacha atazame mwenyewe, hata pale kunapochosha. Na lazima isemwe wazi kwamba kuna mahali kunachosha, kwa sababu kazi yenyewe inachosha.

Mambo yanayomfika mezani si ya kutikisa dunia. Kuna habari ya njia ya baiskeli. Kuna habari ya tai wa rangi ya kahawia ambaye kwa Kijerumani jina lake lina maana ya tai mwenye kupiga kelele, ndege adimu nchini humo, anayelindwa na sheria, na ulinzi wake unagongana na mipango ya watu wanaoishi jirani na viota vyake. Wakazi wanauliza kama ndege ana thamani kuliko wao. Watetezi wa mazingira wanauliza nani atamsemea ndege asiyepiga kura. Mwakilishi anakaa katikati, na kila upande unamtazama kana kwamba yuko upande wa pili. (Tai huyo, kwa wasiojua, ni mgeni wa Afrika. Vuli ikifika huko kwao huondoka, hupita mashariki ya Bahari ya Kati, akavuka Misri na Sudan, akapita anga ya Afrika Mashariki kwenda kusini mwa bara. Inawezekana kabisa kwamba aliyezua mabishano Brandenburg mwezi Julai amewahi kuonekana juu ya mashamba ya Tanzania mwezi Novemba, na hakuna aliyemwandikia barua.)

Sasa mlango wa treni. Mtu anayeisikia habari hii mara ya kwanza husema: si wafungue tu? Dereva yupo, mlango upo, kitufe kipo. Hapo ndipo filamu inapofundisha jambo ambalo vitabu vya uraia huliruka.

Katika Ujerumani, kampuni kuu ya reli ni mali ya Serikali ya Shirikisho, yaani ya nchi nzima. Lakini tangu mwaka 1996, treni za abiria za masafa mafupi huagizwa na kulipiwa na majimbo. Jimbo ndilo linaloamua treni ngapi zipite njia ipi na zisimame wapi. Katika eneo la Berlin na Brandenburg, kazi ya kupanga hufanywa na chombo cha pamoja cha usafiri ambacho wamiliki wake ni majimbo hayo mawili pamoja na wilaya na miji. Reli na majukwaa yana msimamizi wake. Treni yenyewe inaendeshwa kwa mkataba. Dereva ana mwajiri, na mwajiri ana kanuni za usalama. Kwa hiyo swali dogo la kwa nini mlango haufunguki Vogelsang lina wenyewe wengi, na kila mmoja ana jibu la kweli. Anayeendesha treni anasema hajaagizwa asimame kwa ajili ya abiria. Anayepanga ratiba anataja idadi ya abiria na dakika. Mwenye jukwaa anataja hali ya jukwaa na gharama. Anayelipa anataja bajeti. Hakuna aliyesema uongo, na mlango bado umefungwa.

Kuna kejeli moja ndani yake ambayo Dresen hakuhitaji kuitilia chumvi. Njia hiyo ya reli inaishia Templin, mji ambako Angela Merkel alikulia. Wakati filamu inapigwa, Merkel ndiye Kansela wa Ujerumani na ndiye mwenyekiti wa chama cha Wichmann. Mwananchi wa kawaida angedhani simu moja ingetosha. Lakini Kansela hapangi ratiba ya treni ya kijijini, na nchi ambayo Kansela angeipanga kwa simu ingekuwa na matatizo makubwa kuliko la Vogelsang. Wichmann alibaki na zana zile zile za safu ya tatu: kuuliza, kuandika, kuwaita wahusika kwenye eneo lenyewe waone kwa macho yao, na kuuliza tena.

Ndugu wananchi, mtu asidhani haya ni ya Wazungu na treni zao. Mwaka 2017 ulianzishwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, na barabara ambazo awali zilikuwa chini ya mhandisi wa Halmashauri zikahamia huko. Mwaka 2019 ulianza Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, na maji ya vijijini nayo yakahama. Umeme tangu zamani una shirika lake, TANESCO. Mabadiliko hayo yalikuwa na sababu zake, na mjadala wa kama yalikuwa bora si wa leo. La leo ni hili: kalavati likibomoka, au bomba likikauka, mwananchi hamtafuti meneja wa wakala. Anamtafuta Diwani. Anamkuta msibani, anamkuta kwenye duka la dawa, anamgongea mlango saa moja usiku. Na Diwani ambaye jina lake ndilo lililokuwa kwenye karatasi ya kura hana tingatinga, hana fundi wa pampu, wala hana saini kwenye hundi ya wakala hao. Ana zana za Wichmann.

Si zana hafifu, zikitumika. Diwani ni mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, na humo wanakaa wenyeviti wa vijiji na kuhudhuria watumishi walioko katika kata. Ni mjumbe wa Baraza la Madiwani, ambalo hukutana kila robo mwaka, na wa kamati ya kudumu mojawapo: ya Fedha, Utawala na Mipango, au ya Elimu, Afya na Maji, au ya Uchumi, Ujenzi na Mazingira. Humo anaweza kumuuliza Mkurugenzi na wakuu wa idara, na anaweza kutaka mameneja wa wakala waeleze mipango yao na hatua waliyofikia. Jambo likishaingia katika muhtasari wa kikao, litasomwa tena kikao kijacho kama yatokanayo, na mtu atalazimika kulitolea maelezo. Maneno hayo mawili, yatokanayo na muhtasari, hayajawahi kupigiwa vigelegele kwenye mkutano wa kampeni. Lakini ndiyo yanayomfanya mtu wa ofisini afungue jalada alilolisahau.

Hapa filamu inasema na pande zote mbili, na haki itendeke kwa kuanza na upande wa ofisi.

Mtazamaji makini wa filamu ya Dresen ataona kwamba kinachomchelewesha Wichmann mara chache ni ubaya wa mtu. Ni karatasi inayosubiri karatasi nyingine. Halmashauri haipaswi kuitazama filamu hiyo kwa macho ya mgeni. Nayo ina masjala, ina majalada, ina barua zilizogongwa muhuri wa kupokelewa na kisha zikalala. Yupo mwananchi aliyewahi kuambiwa aende Kata, Kata ikamwambia aende Wilayani, Wilayani akaambiwa arudi na barua ya Kata. Nauli aliyoitumia ni ya mbegu au ya daftari za watoto. Kwa mwananchi huyo, ofisi ni treni iliyosimama mbele yake mlango ukiwa umefungwa. Mtumishi anayejibu kwamba suala liko chini ya wakala fulani amesema kweli, lakini hajamaliza kazi mpaka aandike barua kwa wakala huyo na kumpa mwananchi nakala. Barua moja na nakala yake haihitaji bajeti ya maendeleo.

Upande wa wananchi nao una la kusikia. Katika ofisi ya Wichmann, jambo linaloletwa kwa mdomo hugeuka kuwa maandishi. Mahali panatajwa, ofisi husika inatajwa, na barua inaondoka na tarehe yake. Huku kwingi, kero husemwa njiani. Diwani anashuka kwenye bodaboda, watu watatu wanamwambia mambo manne, anaitikia "nimesikia, ndugu zangu", na kweli amesikia. Jioni anakumbuka mawili. Baada ya miezi mitatu anaulizwa yote manne, na anayeuliza amekwisha kuhitimisha kuwa kiongozi ni mwongo. Ikumbukwe kwamba Diwani halipwi mshahara kama mtumishi. Anapata posho, na asubuhi ana shamba lake au duka lake kama wengine. Mbunge wa jimbo wa Ujerumani analipwa ili hiyo iwe kazi yake, na hata hivyo filamu inamwonesha akipungukiwa na saa.

Suala la malipo na muda linaikumbusha filamu nyingine, ya Mmarekani Frederick Wiseman, iliyotoka mwaka 2007 kuhusu Bunge la jimbo la Idaho. Ina dakika 217, na anayetaka kuitazama ajipange kwa chakula na maji. Bunge lile lina maseneta 35 na wawakilishi 70. Hukutana kuanzia Januari kwa miezi michache, kisha kila mtu anarudi kwenye ng'ombe wake, duka lake au ofisi yake. Wiseman anaingiza kamera katika vikao vya kamati na kuiacha humo. Mtu anatoa ushahidi, mjumbe anauliza, mwingine anaomba kifungu kisomwe tena. Hakuna anayeonekana kuwa shujaa. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata mpaka saa kumi alasiri kwa ajili ya kipengele kimoja cha mchango wa ujenzi wa darasa atajitambua humo, ingawa viti vya Idaho vina foronya za ngozi.

Lakini filamu ya Wiseman ni ya Bunge. Ya Dresen ni ya mtu. Na kumfuata mtu kuna hatari yake. Mtazamaji anayekaa na Wichmann kwa saa moja na nusu huanza kumpenda, na kumpenda kiongozi si sawa na kumpima. Anaona juhudi zake, haoni za mpinzani wake ambaye pengine alikuwa anaandika barua hizo hizo. Kisha kuna kamera yenyewe. Ofisa akiona kamera nyuma ya mgeni wake huketi wima, hutafuta jalada, hujibu kwa adabu. Je, angejibu hivyo kama mgeni angekuja peke yake? Filamu haiwezi kujibu swali hilo, kwa sababu popote inapofika imekwisha kufika na kamera.

Kwa wakazi wa kata, upungufu huo una tiba ambayo haihitaji mwongozaji wa filamu kutoka Ujerumani. Vikao vya Baraza la Madiwani viko wazi kwa umma. Mwananchi anaweza kwenda, akaketi katika viti vya wasikilizaji, akamwona Diwani wake akiuliza au akinyamaza, akamsikia mkuu wa idara akijibu au akizunguka. Mkutano Mkuu wa Kijiji unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, na hapo taarifa ya mapato na matumizi husomwa. Mara nyingi viti vya wasikilizaji katika Baraza hukaliwa na madereva wanaowasubiri wakubwa wao, na mikutano mikuu huahirishwa kwa kutotimia kwa akidi. Filamu ya Wichmann inavutia watu kuona kile ambacho wangeweza kukiona bure, kwa miguu yao, na ambacho hawaendi kukiona.

Kuna jambo la wakati pia. Mwaka wa fedha wa Halmashauri huanza Julai, lakini mpango wake huanza miezi mingi kabla: vipaumbele huibuliwa kwenye vitongoji na vijiji, hupita katika Kamati ya Maendeleo ya Kata, huingia Halmashauri, kisha hupanda mkoani na katika ngazi ya Taifa. Ombi la zahanati linalotajwa kwa mara ya kwanza mwezi Mei, hata likitajwa kwa machozi, limekuta gari limeondoka. Waliokuja mwezi Oktoba, wakazozana kijijini kama kitangulie choo cha shule au kisima, na mwisho wakakubaliana kimoja na kukiandika, hao ndio Diwani anaoweza kuwasemea akiwa na kitu mkononi. Mwakilishi akienda mikono mitupu atasema kwa sauti kubwa, atapigiwa makofi, na mhasibu hataandika lolote.

Wichmann wa mwaka 2002, yule wa mwavuli, alikuwa mtu wa sauti na vipeperushi. Wa safu ya tatu ni mtu wa kutaja tarehe. Pengine huo ndio ukomavu wa pekee ambao filamu mbili za Dresen zinauonesha zikitazamwa pamoja, na Dresen mwenyewe hakuutamka popote. Mtazamaji anauona kwa jinsi mtu anavyoshika simu. Mwanzoni anashika kama anayetaka kusikika. Baadaye anashika kama anayesubiri jibu, kalamu ikiwa tayari.

Haina maana kwamba kila alichokishika kilifanikiwa. Dresen hakuijenga filamu juu ya ushindi, na anayesubiri tarumbeta mwishoni hatazisikia. Watu wa Vogelsang walipata kwanza kitu kingine: mtu mwenye kiti Bungeni aliyelijua jina la kituo chao, aliyelitamka mbele ya wenye mamlaka mara nyingi kiasi kwamba hakuna aliyeweza tena kusema hajawahi kulisikia. Kwa mtu aliyepitishwa kwao na treni iliyosimama, hilo halikuwa dogo, ingawa halikuwa tiketi.

Miaka ilipopita, Wichmann aliondoka Bungeni na kuingia katika utawala wa wilaya ya Uckermark, akisimamia huduma za jamii. Alihamia upande wa pili wa meza. Akiwa huko, wawakilishi waliokuwa na swali kuhusu huduma hizo walimwandikia yeye, na saa ya kuhesabu siku za kujibu ilianza kwake.

Kikao cha Kamati ya Maendeleo ya Kata kitafanyika kabla ya Baraza lijalo. Daftari la kero liko mezani kwa Mtendaji wa Kata, lina safu ya tarehe, ya mahali, ya jambo, ya ofisi iliyoandikiwa na ya jibu lililopatikana. Safu hiyo ya mwisho ina nafasi nyingi zilizo wazi, na maswali yanaweza kuanzia hapo. Mheshimiwa Diwani yupo, na Mtendaji yupo. Karibuni.